Ruta iko Tukuyu, mtunzaji yuko Iringa: namna ya kuifikia kwa usalama

Kati ya nyumba ya mama yangu iliyoko Tukuyu na chumba ninachofanyia kazi Iringa kuna Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala na Uyole, na anayesafiri kwa basi huimaliza siku yake njiani. Kwa muda mrefu, kila mtandao wa nyumbani ulipogoma, mama alinipigia simu na kusema, "Mwanangu, ile taa imekuwa nyekundu tena," nami nikaanza kumwelekeza kwa maneno abonyeze wapi, kazi iliyotuchosha sote wawili. Mwongozo huu unaeleza namna nilivyoipanga ruta ile ili niweze kuingia kwenye mipangilio yake nikiwa Iringa, Mbeya mjini au popote penye intaneti, bila kumwachia mtu mwingine upenyo wa kuingia pamoja nami. Nimemwandikia mtu anayeweza kufungua ukurasa wa mipangilio ya ruta na kuelewa kinachoandikwa pale. Si lazima awe fundi wa mitandao, lakini atahitaji saa mbili au tatu za utulivu akiwa ndani ya nyumba yenyewe, kwa sababu kazi hii haianzwi kwa mbali.

Njia ya mkato, na kwa nini uiache

Ruta nyingi zina sehemu ya kuruhusu usimamizi kutoka nje. Ukiiwasha, ukurasa uleule unaoufungua sebuleni kwa kuandika 192.168.1.1 unaanza kupatikana kwa mtu yeyote duniani anayeifikia anwani ya nyumba yako. Niliwahi kuiwasha kwenye ruta nyingine. Nilihamisha poti, yaani namba ya mlango ambao huduma husikilizia, kutoka 80 kwenda 8080 nikidhani nimejificha, na asubuhi yake nilipofungua kumbukumbu za ruta nilikuta majaribio ya kuingia yamejipanga ukurasa baada ya ukurasa, mengi yakitumia majina kama admin na root, kutoka kwenye anwani nisizozijua. Hakuna aliyekuwa amenilenga mimi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha, kwa programu yao iitwayo ZMap, kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kubisha hodi kwenye poti moja ya anwani zote za umma za IPv4, mfumo wa kawaida wa anwani za intaneti, kwa muda usiofika dakika 45. Anayetafuta ruta zilizo wazi hana haja ya kukujua, na poti 8080 ni miongoni mwa zile anazoanza nazo.

Utaniambia kwamba nywila yako ni ngumu. Ni kweli kwamba nywila ngumu ingeizuia Mirai, programu haribifu ya mwaka 2016 ambayo iliteka kamera na ruta kwa maelfu mengi ikitumia tu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Lakini mwaka 2018 ilitangazwa kasoro katika ruta za MikroTik, kwenye huduma yao ya usimamizi iitwayo Winbox inayosikiliza poti 8291, iliyomwezesha mtu wa nje kusoma faili la watumiaji bila kujua nywila yoyote. Marekebisho yalitolewa mwezi Aprili mwaka huohuo, ila ruta ambazo wenyewe hawakuzisasisha ziliendelea kutekwa, na ugumu wa nywila haukuwasaidia kitu. Kasoro ya namna hiyo inaweza kutokea kwenye ukurasa wa ruta ya kampuni yoyote, na ndiyo maana ukurasa ule haupaswi kuonekana kutoka nje hata kidogo.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuuacha ukurasa wa mipangilio upatikane ndani ya nyumba pekee, kisha kuchimba handaki lililosimbwa kati ya simu au kompyuta yako na nyumba ile. Ukiwa ndani ya handaki, ruta inakuona kama mtu aliyeketi sebuleni, na unafungua ukurasa kwa anwani ileile ya ndani. Programu ninayoitumia ni WireGuard, ambayo imekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwezi Machi 2020. Nimeichagua kwa sababu moja kuu: haijibu pakiti, yaani kipande cha data, yoyote isiyotoka kwa ufunguo inaoujua, kwa hiyo anayebisha hodi kwenye poti yake hapati hata dalili kwamba kuna kitu kinachosikiliza.

Kwa kuwa handaki hili ni aina ya VPN, yaani mtandao binafsi unaopita ndani ya intaneti ya umma, kuna upande wa sheria usiopaswa kuupuuza. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu binafsi na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN watoe maelezo ya VPN hizo, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, kwa kurejea kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Handaki letu halimpeleki mtu kwenye tovuti yoyote, linamrudisha nyumbani kwake tu, lakini ushauri wangu ni kuwasiliana na mamlaka, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya, na kufuata utaratibu ulioko. Vilevile, kama ruta ni ya shemeji au ya ofisi, au ni ya mtoa huduma naye amekuazima tu, omba ruhusa kwanza, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inauhesabu uingiaji usio na ruhusa kuwa kosa hata kama nia yako ilikuwa njema.

Ijue anwani yako ni ya aina gani

Hatua hii ndiyo inayoamua mengine yote, na wengi hupoteza siku nzima kwa kuiruka. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, tafuta anwani ya IP iliyopewa upande wa nje, yaani upande wa mtoa huduma, kisha ilinganishe na ile ambayo tovuti yoyote ya kuonyesha anwani inakwambia unayo. Zikilingana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, au ile ya kwenye ruta ikianza na 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, au ikianza na 192.168, au ikiangukia kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, basi uko nyuma ya ruta nyingine ya mtoa huduma, na hakuna pakiti kutoka nje inayoweza kukufikia pasipo wewe kuanza kuzungumza. Kundi hilo la mwisho lilitengwa mwaka 2012 mahususi kwa watoa huduma wanaogawa anwani moja ya umma kwa wateja wengi.

Anayetumia ruta ya kadi ya laini ya simu, kama zilivyo nyumba nyingi za kwetu kuanzia Njombe hadi Kyela, atajikuta karibu kila mara katika hali hii ya pili. Mwenye fiba anaweza kuwa katika yoyote kati ya hizo mbili. Inawezekana kumwomba mtoa huduma anwani ya umma, kwa kawaida kwa malipo ya ziada, ila usiilipie kabla hujasoma sehemu ya wasio nayo, kwa maana huenda usiihitaji.

Kuiandaa ruta

Sasisha programu endeshi ya ruta. Badilisha nywila ya usimamizi, na iwe maneno matano au sita yasiyohusiana. Mimi huchanganya Kiswahili na Kinyakyusa, si kwa kuwa hiyo peke yake ni kinga, bali kwa kuwa nayakumbuka bila kuyaandika. Zima usimamizi kutoka nje, zima WPS, ile njia ya kujiunga na waifai kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba fupi, na zima UPnP, ambayo huviruhusu vifaa vya ndani kujifungulia poti bila kukuuliza.

Kisha badilisha anwani za mtandao wa ndani. Hili linaonekana dogo lakini litakusumbua kuliko yote usipolifanya. Ikiwa nyumba ya Tukuyu inatumia 192.168.1.0 na nyumba ya wageni unayolala Makambako nayo inatumia 192.168.1.0, simu yako itakapotafuta 192.168.1.1 itaifungua ruta ya mwenye nyumba ya wageni, nawe utabaki kushangaa kwa nini nywila inakataliwa. Chagua namba isiyo ya kawaida. Katika mwongozo huu nitatumia 192.168.38.0, ruta ikiwa 192.168.38.1.

Tazama pia kama ruta yako inaikubali WireGuard. MikroTik zenye RouterOS toleo la 7 zinayo tayari, na ruta zenye OpenWrt, programu endeshi huria ya ruta, huipata kwa kuongeza kifurushi kiitwacho luci-proto-wireguard. Ikiwa ruta ya mtoa huduma haina nafasi hiyo, usijaribu kuilazimisha. Iache ilivyo, kisha nunua ruta ndogo ya pili au kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, uichomeke kwenye mojawapo ya matundu yake, na handaki liishie hapo. Njia hii mara nyingi ni bora, kwani mtoa huduma akibadilisha kifaa chake kesho, kazi yako haipotei.

Mwenye anwani ya umma

Tengeneza kiolesura cha WireGuard kwenye ruta, kipe anwani 10.77.0.1/24, kisikilize poti 51820 ya UDP, na uiache ruta itengeneze jozi ya funguo. Kila ufunguo ni mfululizo wa herufi 44. Wa siri haupaswi kutoka kwenye kifaa ulikozaliwa, na wa wazi ndio unaopewa upande wa pili. Kwenye simu sakinisha programu ya WireGuard, tengeneza jozi nyingine, ipe simu anwani 10.77.0.2/32, kisha andika ufunguo wa wazi wa simu kwenye ruta na wa ruta kwenye simu. Kwenye simu, sehemu ya AllowedIPs, yaani orodha ya anwani zitakazopitia handakini, iandikwe 10.77.0.0/24 na 192.168.38.0/24 pekee. Ukiandika 0.0.0.0/0 kama baadhi ya maelekezo yanavyofundisha, intaneti yako yote ya Iringa itaanza kuzungukia Tukuyu, na bando la mama ndilo litakalolipa.

Kwenye faiawoli fungua poti moja tu, 51820 ya UDP, kutoka nje kuja kwenye ruta yenyewe. Kwa MikroTik, kanuni hiyo lazima ikae juu ya ile inayokataa yaliyobaki, kwa sababu kanuni husomwa kutoka juu kushuka na ya kwanza kulingana ndiyo inayotekelezwa. Kwa OpenWrt, kiweke kiolesura kipya katika kundi moja na mtandao wa ndani.

Kama anwani yako ya umma hubadilika, jisajili kwenye huduma ya jina linalofuata anwani, kama DuckDNS ambayo ni ya bure, na uipe ruta kazi ya kuliarifu jina hilo kila anwani inapobadilika. WireGuard hulitafsiri jina mara moja tu inapowashwa, kwa hiyo handaki likikatika ghafla, lizime kwenye simu na uliwashe tena kabla ya kuanza kutafuta ubaya mwingine.

Asiye na anwani ya umma

Nyumba ya mama iko hapa. Ikiwa dunia haiwezi kuanza kuzungumza na nyumba, basi nyumba ndiyo ianze, na wote wawili mkutane mahali pa tatu penye anwani ya umma. Pako pa aina mbili.

Njia nyepesi ni huduma kama Tailscale, inayotumia WireGuard kwa ndani na ambayo matumizi ya mtu binafsi hayalipiwi. Unaisakinisha kwenye ile Raspberry Pi au kwenye ruta ya OpenWrt, unaitangazia mtandao wa 192.168.38.0/24, unaukubali mtandao huo kwenye ukurasa wa usimamizi wa huduma, kisha unaisakinisha kwenye simu kwa akaunti ileile. Mambo mawili hayasemwi vya kutosha. La kwanza ni kwamba akaunti unayoingilia sasa ndiyo ufunguo wa nyumba, kwa hiyo iwekee uthibitisho wa hatua mbili, tena kwa programu ya kutoa namba na si kwa ujumbe mfupi wa simu. La pili ni kwamba ufunguo wa kila kifaa huisha muda baada ya siku 180 usipobadilisha mpangilio huo. Kwa simu yako si tatizo, kwa sababu utaingia upya. Kwa kifaa kilichoko Tukuyu maana yake ni safari, kwa hiyo zima ukomo huo kwa kifaa hicho kimoja.

Njia ya pili, ambayo ndiyo niliyobaki nayo, ni kukodi seva ndogo ya Linux kwa dola chache kwa mwezi na kuifanya kituo cha kukutania. Seva inapewa 10.77.0.1, ruta ya nyumbani 10.77.0.2, simu 10.77.0.3. Kwenye seva, upande wa ruta ya nyumbani, AllowedIPs iwe 10.77.0.2/32 na 192.168.38.0/24, na upande wa simu iwe 10.77.0.3/32, kisha uiruhusu seva kupitisha pakiti kwa kuweka net.ipv4.ip_forward kuwa 1. Kwenye ruta ya nyumbani AllowedIPs iwe 10.77.0.0/24 tu, na PersistentKeepalive iwe 25, ili kila sekunde 25 itume pakiti ndogo inayoiweka wazi njia ya kurudi kwenye mitambo ya mtoa huduma. Msomaji anayehesabu bando asiogope: nikizijumlisha pakiti hizo na salamu ambazo pande mbili hutambuliana nazo, zinazorudiwa kila baada ya dakika mbili hivi, handaki lililokaa bila kazi halitumii hata megabaiti 20 kwa mwezi. Kinachomaliza bando ni kutazama kamera, na hapo handaki halina kosa.

Seva hiyo nayo iko wazi kwa dunia, kwa hiyo usiilinde chini ya unavyoilinda nyumba. Ingia kwa ufunguo wa SSH, njia ya kuiongoza seva kwa mbali, zima kabisa kuingia kwa nywila, ruhusu masasisho ya usalama yajifanye yenyewe, na acha wazi poti ya SSH na 51820 ya UDP tu. Kumbuka pia kwamba katika mpango huu pakiti hufunguliwa na kufungwa upya zikifika kwenye seva, tofauti na Tailscale ambako usimbaji huanzia kifaa hadi kifaa. Kwa sababu hiyo ukurasa wa ruta ufunguliwe kwa HTTPS hata ukiwa ndani ya handaki.

Umeme ukirudi

Tukuyu ni mji wa mvua na radi, na umeme hukatika. Miezi ya mwanzo niliona jambo lililonitesa sana: umeme ukikatika na kurudi, mama anaperuzi kama kawaida, lakini handaki halirudi kwa dakika kadhaa, na siku nyingine halirudi kabisa. Sababu ilikuwa saa. WireGuard huweka muhuri wa wakati katika salamu ya kwanza, na upande wa pili huikataa salamu yoyote ambayo muhuri wake uko nyuma ya ule wa mwisho uliopokelewa, ili asitokee mtu wa kurudia salamu ya zamani aliyoinasa njiani. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa, kwa hiyo zikiwaka upya zinaweza kuamka zikidhani bado ni wiki iliyopita, na seva inazikatalia kwa haki. Hakikisha usawazishaji wa saa kwa NTP umewashwa, na kwamba maombi yake yanatoka moja kwa moja kwenye intaneti, hayapitii ndani ya handaki. Vinginevyo saa itasubiri handaki na handaki litaisubiri saa. Nilipolirekebisha hilo, na kuongeza betri ndogo ya volti 12 inayoishikilia ruta wakati wa katizo fupi, simu za mama zilipungua sana. Radi ikipiga karibu, bado ni bora kuchomoa.

Usijifungie nje

Niliwahi kuibadilisha anwani ya ndani ya ruta nikiwa Iringa, nikabonyeza kuhifadhi, na papo hapo nikawa nimelikata tawi nililokalia. Nilipanda basi alfajiri. Tangu hapo nina masharti machache. Kwenye MikroTik nawasha kwanza hali iitwayo Safe Mode, ambayo huyatengua mabadiliko iwapo mawasiliano yatakatika. OpenWrt nayo hurudisha mipangilio ya awali yenyewe ikiwa haikukuona ukirejea kuthibitisha. Programu endeshi ya ruta siisasishi kwa mbali isipokuwa kuna kasoro kubwa iliyotangazwa na kuna mtu nyumbani anayeweza kuigusa. Na nakala ya mipangilio naihifadhi mahali palipofungwa, kwa kuwa funguo za siri zimo ndani yake.

Kila kifaa kiwe na jozi yake ya funguo, hata kama ni simu na laptopu za mtu mmoja. Simu ikiibiwa pale stendi, unafuta ufunguo wake mmoja na vifaa vingine vinaendelea kufanya kazi.

Kabla hujatoka nyumbani, zima waifai kwenye simu, tumia data ya laini, na ujaribu mara mbili. Handaki likiwa limezimwa, andika kwenye kivinjari anwani ya umma ya nyumba, kisha 192.168.38.1, hakuna inayopaswa kufunguka. Liwashe, na ile ya pili tu ifunguke. Baada ya hapo chomoa ruta, subiri dakika moja, ichomeke, na urudie jaribio bila kugusa kitu kingine.

Mwisho bandika karatasi nyuma ya ruta. Ruta ikiganda kabisa hakuna handaki litakalokufikisha, na anayebaki na uwezo ni aliye nyumbani. Ya mama nimeiandika kwa herufi kubwa: waya upi achomoe, ahesabu hadi thelathini, arudishe, asibonyeze kale kashimo kadogo ka nyuma kwa sindano hata akishauriwa na jirani, kwa sababu hako kanafuta kila kitu, kisha anipigie.